Mashine ya Sikio Moja

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinishika mkono akanipeleka kupimwa masikio. Anasema amechoka kunirudiarudia maneno kama mwalimu wa darasa la kwanza. Daktari, kijana mwenye mikono baridi, akanichomeka nyuma ya sikio kidude kidogo kama punje ya kunde, akakigeuzageuza, na ghafla nikasikia kanga yangu ikisugua kiti. Sauti hiyo sikuwa nimeisikia kwa miaka, wala sikujua kwamba nimeikosa. Daktari akaniuliza kama ninaumia. Nikamwambia hapana. Machozi yalikuwa na sababu nyingine, na kwa kuwa yeye alikuwa na foleni ya wagonjwa mlangoni, nimeona nikusimulie wewe mwenye nafasi.

Miaka ile Mwingereza alikuwa bado anatawala, nasi tulikaa Tabora mjini, nyumba ya vyumba viwili yenye ua wa mchanga, si mbali na stesheni. Baba yangu alikuwa mwendesha mashine katika jumba la sinema. Kazi ya waya alijifunza vitani, Burma, katika kikosi cha simu za upepo. Wengine walirudi na medali. Baba alirudi na koti zito la jeshi na mkono usiotetemeka anapolehemu. Jumapili ua wetu ulinuka risasi iliyoyeyuka, kwa maana watu walimletea redio zao kutoka kila mtaa, na chuma chake cha kulehemia alikipasha moto kwenye jiko lile lile la mkaa ambalo mama alikuwa akingoja kulibandikia maharage. Waligombania jiko hilo miaka yote ya ndoa yao, kwa mzaha.

Mwenye sinema, Mhindi mmoja mpole aliyetafuna karafuu mchana kutwa, alipoagiza mashine mpya alimpa baba ile ya zamani iliyokuwa ikikuza sauti za filamu. Amplifaya, ndivyo ilivyoitwa. Lilikuwa sanduku la chuma la rangi ya kijivu, zito kuliko mbuzi, na juu yake zilisimama taa za kioo ambazo baba aliziita vali. Ukiiwasha, unangoja kidogo, kisha vali zinaanza kuwa nyekundu taratibu kama makaa yanayopulizwa, na nyumba nzima inanukia vumbi la moto. Baba aliiunganisha na gramafoni, akapiga santuri, na masufuria ya mama yakatetemeka rafuni. Aliipenda kwa nguvu zake. Alikuwa akimwambia kila mgeni kwamba mashine hii ilijaza ukumbi mzima, hata mtu aliyekaa nyuma kabisa alisikia mwigizaji akimeza mate.

Likizo za shule nilipelekwa Bukene kwa bibi, mama yake mama. Tulipanda treni ya Mwanza asubuhi na mapema, na nikishuka nilikuwa tayari nimeanza kusikia mdomoni ladha ya matobolwa yake, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa juani, anayokupa na asali ya msituni ndani ya kibuyu. Nililala naye kitanda kimoja. Alikuwa na harufu ya moshi na samli, na mgongo wake ulikuwa na joto kuliko blanketi.

Baba yake bibi alikuwa mpagazi. Alibeba pembe na vitambaa kati ya Tabora na pwani, enzi za misafara, na nyimbo za njiani alimwachia binti yake. Bibi aliziimba akitwanga mtama. Zilikuwa nyimbo za pole, na mwendo wake ulikuwa mwendo wa miguu yenye mzigo. Hizo nilizisikia nikiwa mdogo sana, kwa sababu baadaye bibi aliugua homa kali, akanyweshwa kwinini nyingi, na alipopona masikio yakaanza kuvuma. Kisha yakajifunga, polepole, kama mlango unaosukumwa na upepo. Akaacha kuimba. Alimwambia mama kwamba hajui tena kama wimbo umetoka kinywani au umebaki ndani.

Tangu hapo kila mtu alimpigia kelele. Watoto, majirani, hata mchungaji, wote walimkaribia sikioni na kupiga ukelele kama wanaofukuza ndege shambani, naye alishika neno moja kati ya mengi. Mtu mmoja tu hakuweza kufanya hivyo, naye ni baba. Kwetu mkwe ni mtu wa kustahiwa. Mwanamume hakai mkeka mmoja na mama wa mkewe, hali chakula mbele yake, wala hasimami karibu naye kwa kujinafasi. Anamsalimu kutoka mbali, akiwa ameinama, kwa sauti ya chini. Kumpazia mkwe sauti kulikuwa sawasawa na kumtukana, na haikusaidia kusema kwamba yeye ni kiziwi.

Basi baba alipokuja Bukene alisimama kando ya kihenge cha mtama, akavua kofia, akainama, akatoa salamu yake ile ile ya siku zote. Bibi akiiona kofia ikishuka, naye aliinamisha kichwa. Lakini mara nyingine alikuwa ametazama upande mwingine, na salamu ikapita hewani bila mpokeaji. Baba alingoja kidogo, akavaa kofia yake, akaenda kukaa na wanaume. Nilimwona zaidi ya mara moja. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyebisha hodi nyumba yenye watu asifunguliwe.

Nawe ujue kwamba baba alimpenda sana mama huyu. Alipokuwa Burma, miaka inapita na hakuna habari, wazee wa ukoo walitaka mama aolewe na mtu mwingine. Bibi ndiye aliyekataa. Aliwaambia kwamba mtu aliyechumbia kwa heshima hangojwi kwa kuhesabiwa siku. Baba aliyajua hayo, na tangu bibi awe kiziwi hakuwa na njia ya kumwambia neno lolote.

Mama mdogo, kitinda mimba wa bibi, akachumbiwa na mwalimu wa shule moja ya Nzega, kijana mtulivu, na watu wote wakafurahi. Siku ya harusi ilipokaribia, bibi akasema hataenda kanisani. Hakusema kwa hasira. Alisema atabaki nyumbani kupika, maana hawezi kukaa mbele ya watu kama kinyago, akitazama midomo ikicheza, asijue ni wakati gani mwanawe ametolewa mikononi mwake. Mama mdogo akajibu kwamba kama ni hivyo na yeye haendi. Mama yangu alikwenda kuwasuluhisha, akarudi Tabora kwa treni ya jioni bila suluhu. Tulipokuwa tukila alimweleza baba habari yote. Baba alifinyanga tonge moja kwa muda mrefu mno, kisha akaliweka tena sahanini.

Jumapili iliyofuata hakupokea redio ya mtu. Alifungua amplifaya yake.

Shida yenyewe nitakueleza kama alivyoieleza kwa mama, kwa maana hata mimi niliielewa. Mashine ile ilizoea umeme wa mjini, volti mia mbili na thelathini. Bukene hapakuwa na umeme. Palikuwa na betri tu, betri ya lori, ambayo ina volti kumi na mbili. Vali zina njaa mbili, baba alisema. Ya kwanza ni ya kuwashwa moto tumboni, na hiyo betri inaiweza, ukizipanga vali mbilimbili. Ya pili ni ya umeme mkubwa wa kuzipa nguvu, na huo mashine iliuzoea kwa kiasi ambacho betri haina hata ndotoni. Lakini baba alikuwa na redio ya gari aliyoitoa kwenye magofu ya magari yaliyoachwa na mradi wa karanga kule Urambo, na ndani ya redio hiyo kulikuwa na kopo la bati linaloitwa vaibreta. Ukilipa umeme mdogo wa betri linatikisika, linavuma kama mzinga wa nyuki, na kwa msaada wa transfoma umeme mdogo unatoka upande wa pili umekua. Haukui hadi kuifikia njaa yote ya amplifaya ile. Unakua kiasi.

Betri aliiazima kwa jirani yetu, Mwarabu mwenye lori la Nzega, mtu mnene mwenye sauti ya kukwaruza ambaye alikuwa akija kila Ijumaa jioni na tende mfukoni kwa ajili yetu watoto. Baba akaunganisha, akalehemu, akaongeza hiki, akafunga kile. Alitaka mashine yake ing'ang'anie nguvu zake zote. Alikuwa amekwisha kuliona kanisa la Bukene moyoni mwake, na pembe kubwa ya sinema, ile spika yenye mdomo mpana, imewekwa juu ya altare, na sauti ikijaa hadi nje kwenye miti. Akaiwasha. Vaibreta likavuma, likapiga kelele, likaanza kunuka, na moshi mweupe ukapanda kutoka kwenye sanduku la kijivu. Baba akang'oa waya kwa mkono mtupu. Kopo likawa limeungua, na betri imechoka kama ng'ombe aliyelimishwa siku nzima.

Akakaa chini pale pale uani, mgongo ukutani, mikono juu ya magoti. Mama alikuwa akichambua mchele. Alichambua ungo mzima. Halafu akauliza, "Baba watoto, pale kanisani kuna viziwi wangapi?"

"Mmoja," baba akasema.

"Basi mbona unampikia ugali wa watu wa sinema? Mpikie mmoja."

Baba alimtazama. Kisha akaanza kucheka bila sauti, mabega yakitingishika, na mama naye akacheka huku akipeta mchele, na mimi nikacheka kwa sababu wao wanacheka.

Jirani Mwarabu alikuja kuuliza moshi ni wa nini. Alipoelezwa, aliitazama maiti ya vaibreta, akakuna ndevu, akatoka. Alirudi ameshika redio ya gari lake dogo, ile ambayo alikuwa akiifungulia kila jioni, milango ya gari wazi, kusikiliza nyimbo za Kiarabu kutoka mbali. Aliing'oa mwenyewe, nyaya zake zinaning'inia. Baba akakataa, akasema hawezi kumnyima mtu starehe yake. Jirani akaiweka juu ya kigoda.

"Redio itangoja," akasema. "Mama mkwe hangoji."

Sasa baba akalitoa vaibreta la redio hiyo, akaifanya kazi kwa namna nyingine, na nilipomtazama niliona kwamba hata mabega yake yamelegea. Vali nne kubwa za mbele alizing'oa mbili, akazifunga kwa kitambaa na kuziweka kabatini. Mbili zilizobaki alizifundisha kuridhika na kidogo: alitoa vipande fulani vidogo chini yake, vyenye mistari ya rangi, akaweka vingine, akapima, akatoa tena. Ile pembe ya sinema aliiacha. Badala yake alichukua spika ndogo ya redio ya Urambo, akaitengenezea kijisanduku cha mbao kinachotosha mapajani, na mama akakifunika kwa kipande cha kanga laini ili kisimkwaruze bibi shavu. Alipoiwasha, vali zilikuwa nyekundu hafifu tu. Masufuria hayakutetemeka. Mama akasema neno kwenye maikrofoni ambayo baba aliiunga na mashine, kutoka chumbani, nami nikalaza sikio juu ya kanga, na sauti yake ikaja safi, ya chini, kana kwamba amelala kando yangu.

Kulikuwa na taabu moja. Maikrofoni ikikaribia spika mashine ilipiga mluzi mkali uliowatawanya kuku wa mtaa mzima. Dawa yake ni umbali, kwa hiyo baba alitafuta waya mrefu, na kila kipande kifupi alichokuwa nacho alikiunga na kingine.

Tulisafiri na amplifaya imefungwa ndani ya godoro kama mgonjwa. Betri tuliikalisha kwenye beseni. Bibi alitupokea, akatazama mzigo, akamwuliza mama kwa ishara kama tumehama. Hakuna aliyemweleza. Baba aliogopa kumpa tumaini ambalo lingeungua njiani.

Asubuhi ya harusi, kabla ya wanawake kuanza kusonga ugali, mama alimkalisha bibi kwenye kigoda chake mlangoni, akampa kijisanduku na kumwonyesha alaze sikio. Bibi alifanya hivyo kwa kuturidhisha tu, kama mtu anayelazimishwa kunywa dawa. Baba alikuwa ng'ambo ya ua, mahali pake kando ya kihenge, na waya ulikuwa umelala mchangani kati yao. Alikuwa amevua kofia. Akainama kama ilivyompasa, akaisogeza maikrofoni mdomoni, na bila kupaza sauti hata kidogo akasema, "Mwangaluka, mayu."

Ni salamu ya asubuhi tu hiyo, ya kumwamkia mama. Watu wa Bukene husemezana hivyo kila siku.

Bibi alishtuka, akakitazama kile kijisanduku. Akalaza sikio tena. Baba akarudia, kwa sauti ile ile. Ndipo bibi akainua macho, akayapeleka pole pole juu ya waya, mchangani, hadi ng'ambo, akamwona mkwewe ameinama. Uso wake ukafunguka kwa namna ambayo siwezi kukueleza.

"Mwangaluka, mwanangu," akasema. Kisha akaongeza, "Kumbe sauti yako imezeeka."

Baba aliweka maikrofoni chini, akageuka nyuma ya kihenge, na alikaa huko mpaka mama alipomfuata. Wanawake waliokuwa jikoni walikuwa wametoka wote, miko mikononi, na hakuna aliyepiga kigelegele. Walijua kwamba wakati wake bado.

Kanisani bibi alikaa benchi la mwisho kwa sababu ya ule mluzi, na waya ulipita katikati ya njia hadi mbele miguuni pa mchungaji. Baadhi ya wazee walinong'ona kwamba mama wa bibi harusi hakai nyuma. Mama yangu akawajibu kwamba mama wa bibi harusi anakaa anaposikia. Mchungaji, ambaye alizoea kupaza sauti, aliombwa aongee kawaida, na ibada yote ikawa ya upole kuliko nilivyowahi kuiona. Alipomwuliza mama mdogo kama anakubali, mama mdogo hakumtazama mchungaji wala bwana harusi. Alitazama nyuma kabisa, akasema kwenye maikrofoni, "Ndiyo, nakubali."

Na kutoka nyuma, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiosikia sauti zao wenyewe, bibi akajibu, "Nimesikia."

Hapo vigelegele vikapasuka, na mchungaji mwenyewe akapangusa miwani.

Betri ilibakiza nguvu za siku chache, na bibi alizitumia kama mtu aliyeachiwa duka wazi. Alitaka kusikia kinu kikitwangwa. Alitaka kuku waitwe. Alitaka mama amsimulie ugomvi mmoja wa zamani wa ukoo, tangu mwanzo, kwa kuwa ulipotokea hakuusikia vizuri. Treni ilipopita mama alitaka kuelekeza maikrofoni upande wa reli, bibi akapunga mkono. "Hiyo naisikia kwa miguu," akasema. Halafu akaniita nimwimbie wimbo wa babake. Nilikuwa nakumbuka kidogo, nikaimba haraka haraka kwa aibu. Kutoka mlangoni pake bibi akanionyesha kwa kiganja nipunguze mwendo. "Pole pole, mjukuu wangu, una mzigo kichwani." Nikaanza upya.

Tangu hapo baba alienda Bukene mara kwa mara na betri iliyochajiwa, akasimama kando ya kihenge, wakazungumza na mkwewe kutoka mbali mambo ya mvua na ya watoto. Siku moja mwenye sinema alikuja nyumbani. Mashine mpya ilikuwa imeharibika na alikuwa na filamu ya sikukuu. Akaomba ile ya zamani irudishiwe vali zake kwa wiki moja tu. Baba alimwandalia chai, akamwomba radhi, akamwambia kwamba mashine ile sasa ni ya mtu mmoja. Mwenye sinema akatafuna karafuu yake, akauliza ni nani, na alipojibiwa akanywa chai akaondoka bila kinyongo.

Bibi alifariki mvua za kwanza zilipoanza, kabla Uhuru haujafika. Baba alimfuata miaka mingi baadaye, kisha mama, kisha mama mdogo. Nimepita Bukene juzijuzi. Kihenge hakipo, kanisa limejengwa jingine kubwa lenye bati, na spika zake zinasikika hadi stesheni. Vijana wakwe siku hizi wanakaa sofa moja na mama wakwe zao, wanataniana, na sisemi ni vibaya. Wimbo wa wapagazi mwendo wake ninao, lakini maneno yamenitoka karibu yote.

Watu huniuliza kama hatukurekodi chochote. Mashine ile haikuwa ya kuhifadhi, ilikuwa ya kupaza tu. Sauti ya baba akiwa ameinama, kiapo cha mama mdogo, kinu, kuku, uimbaji wangu wa kitoto, vyote viliingia katika sikio moja, na sikio hilo tulilizika Bukene, upande wa reli, mahali ambapo ardhi hutetemeka kidogo treni ya Mwanza inapopita.